Jicho la Kulia la Fundi Haroub

Haroub Simai alikuwa ameinamia saa ya mkono ya kike, kioo chake cha kazi kimebanwa kwenye jicho la kulia, alipoona mwanga ukimeta pembeni. Ulikuwa mwembamba, umepinda kama ukucha uliokatwa, ukaja na kuondoka kabla hajavuta pumzi. Akainua kichwa kutazama mlangoni, akidhani mtu amepita na kioo mkononi. Hapakuwa na mtu. Uchochoro ulikuwa mtupu, na jua la asubuhi lilikuwa bado halijateremka kwenye vibaraza.

Akairudia saa yake. Mwanga ukameta tena mahali palepale, na safari hii alikuwa amefumba macho.

Aliweka koleo lake chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Alikaa akisikiliza saa za ukutani zikienda, huku moyo wake ukizipita zote.

Haroub alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alizaliwa Tumbatu, akaletwa mjini na mjomba wake akiwa na miaka kumi na miwili, na ufundi aliupata kwa mjomba huyo, katika duka hilohilo la Mji Mkongwe lenye upana wa mlango mmoja na nusu. Saa za simu zilipoingia mifukoni mwa watu, mafundi wenzake waliacha kazi mmoja mmoja. Yeye alibaki, kwa sababu hakujua kitu kingine, na kwa sababu wako watu ambao saa ya marehemu baba hawaitupi. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua duka, alipita kwenye msikiti wa mtaa wake, Jang'ombe, akarekebisha saa ya ukutani ambayo watu huitazamia sala. Hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Mkewe, Bi Shemsa, alikuwa akisema kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni saa.

Lakini watu wa Jang'ombe walimjua zaidi kwa macho yake. Kila ifikapo siku ya ishirini na tisa ya Shaabani, na tena ya Ramadhani, Haroub alikwenda ufukweni Maisara kuangalia mwezi muandamo, na mara nyingi yeye ndiye aliyeutambua wa kwanza, wakati wengine bado wanauliza uko wapi. Mwaka huo, mwezi mmoja na nusu nyuma, yeye na rafiki yake Kificho walisimama mbele ya imamu wao, Sheikh Kheir, wakashuhudia kwamba wameuona mwezi wa Mfungo Mosi, wa Idi. Misikiti ya jirani haikupata shahidi, ikakamilisha siku thelathini. Watu wa msikiti wao walifungua na kula Idi kwa neno la watu wawili.

Sasa, amekaa dukani na macho ameyafumba, Haroub alijiuliza swali lililomtoa jasho. Ule mwanga mwembamba uliopinda, aliounyooshea kidole kule Maisara, ulikuwa angani au ulikuwa ndani ya jicho lake?

Hakumwambia mtu. Wiki nzima alifanya kazi kwa kujiiba. Mwanga ulikuja zaidi mahali penye kigiza, akiingia chumbani kutoka juani au akitoka kusali magharibi. Kisha zikaja nukta nyeusi, ndogo kama chungu, zinazoelea kila anapogeuza jicho. Kila usiku kabla ya kulala alifumba jicho la kushoto akatazama taa kwa la kulia, kuhakikisha bado iko.

Alhamisi iliyofuata alikuja dukani Sumaiya, binti wa dada yake, mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya Jang'ombe. Kificho alikuwa kwenye kibaraza, mlango wa pili, akishona soli ya kiatu. Alikuwa fundi viatu, na mdomo wake haukupumzika zaidi ya sindano yake.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mzee Kificho."

"Marahaba," walijibu wote wawili, na Kificho akaongeza, "Mwalimu, leo umekuja kutufundisha au kututoza?"

"Nimekuja kumwomba mjomba jicho lake."

Haroub alishtuka hata koleo likamponyoka. Aliinama kulitafuta chini ya meza, akabaki kule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sumaiya alivuta kigoda, akaeleza kwa mikono na kwa maneno. Sayari ya Mshtarii, alisema, ndiyo kubwa kuliko zote, na ina miezi mingi. Ile mikubwa inaizunguka kwa karibu, kwa utaratibu, kila mmoja na njia yake nzuri ya mviringo. Lakini iko mingine midogo, mbali sana na sayari, ambayo njia zake zimepinda na kuinama, na baadhi inazunguka kinyume na wenzake. Wataalamu wanadhani haikuzaliwa pale. Ilikuwa ikipita zake, Mshtarii akainasa kwa uzito wake, na tangu siku hiyo haijaweza kuondoka.

"Mmoja wao una upana wa kilomita hamsini hivi," alisema. "Kutoka hapa mpaka Nungwi. Hakuna anayejua sura yake. Si duara, hilo tunalijua. Labda uko kama kiazi cha mbatata."

"Mbatata ya Mshtarii," alisema Kificho. "Mie nataka yangu na pilipili."

"Na mnataka nikauone?" aliuliza Haroub.

"Hauonekani, mjomba. Hata kwa darubini yangu hauonekani. Ila Jumamosi usiku utapita mbele ya nyota, na kivuli chake kitapita juu ya kisiwa chetu. Nyota itazima sekunde mbili au tatu, kisha itawaka. Ukipima muda huo mahali patatu, unajua kimwezi kina upana gani na kimekaaje. Chwaka yupo mwenzangu Hasan, ana kamera. Uroa tumefunga kamera nyingine. Hapa mjini darubini ninayo, kamera yake imekufa. Nataka mtu wa kutazama na kusema imezima, imewaka, bila kukosea hata nusu sekunde."

"Basi umefika penyewe," Kificho alisema, akipiga kiatu kwa kiganja. "Jicho hilo ndilo lililotulisha Idi. Mie nilikuwa nimesimama ubavuni pake, sioni ila mawingu. Akanyoosha kidole, nikafuata kidole, nikauona. Wallahi kama si kidole kile ningeona mpaka leo mawingu."

Alisema kwa kujivunia. Haroub aliyasikia maneno hayo kama mtu anayesikia kitu kinapasuka chumba cha pili. Siku zote alikuwa amejituliza kwamba walikuwa mashahidi wawili, na ikiwa jicho lake lilimdanganya, la Kificho halikuwa na sababu ya kumdanganya. Kumbe alikuwa shahidi mmoja na kidole.

"Nitakuja," alimwambia Sumaiya, kwa sababu kukataa kungehitaji sababu.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alimwambia Bi Shemsa anakwenda kutafuta betri, akaenda kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimtia dawa iliyoyafanya mambo yote kuwa meupe, akamkalisha mbele ya mashine, akamwambia atazame juu, chini, kulia, kushoto. Alimulika jicho la kulia muda mrefu. Alipomaliza alizima taa ya mashine, akasogeza kiti chake karibu.

"Mzee, nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba sana inayopokea mwanga. Yako imepasuka kidogo. Mpasuko ukikua, ngozi itabanduka kama karatasi ya ukutani, na hilo jicho litakwenda. Hapa sina mashine ya kuiziba. Jumatatu uwe Dar. Nakuandikia barua."

"Na ule mwanga?"

"Ngozi ikivutwa, jicho linadhani limeona mwanga. Kwa kawaida huja pembeni, umepinda."

Haroub alikunja kanzu yake magotini, akaikunjua. "Daktari, mtu mwenye maradhi haya, akiwa nje wakati wa magharibi, anaweza kuona kitu angani ambacho hakipo?"

"Kigizagiza ndio wakati wake hasa."

"Na yangu ilianza lini?"

Daktari alitikisa kichwa. "Hilo sina namna ya kulijua. Inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa miezi mitatu. Wewe ndiye unayejua ulianza kuona nini na lini." Kisha akamwonya. "Usibebe kizito. Na ukiona kama pazia jeusi linashuka, usingoje Jumatatu."

Alirudi nyumbani akipapasa kuta, maana dawa ilikuwa bado haijaisha. Bi Shemsa alikuwa ukumbini akichambua mchele. Alimtazama akipita, akamtazama akikosa kiti na kukaa ukingoni.

"Betri umezipata?"

"Hazipo."

"Na macho yako je, yamekuwa kama ya paka?"

"Jua tu."

"Haroub, miaka thelathini na mbili nnakujua. Mwanzo wa uongo wako ni neno fupi." Hakumsukuma zaidi. Alimletea chai, akakiweka kikombe mkononi mwake badala ya mezani, na Haroub akajua kwamba ameshajua sehemu.

Usiku ule hakulala vizuri. Aliwaza kumpigia Sumaiya amwambie atafute mtu mwingine. Kisha akapata wazo ambalo lilimtisha na kumvuta kwa pamoja. Kule Chwaka kulikuwa na kamera. Kamera haina maradhi. Kama nyota itazima kwake na kuzima kwa kamera, wakati mmoja, basi jicho lake bado ni shahidi mkweli. Na kama ni mkweli leo, kwa nini lisiwe mkweli mwezi mmoja na nusu uliopita? Alijua hoja hiyo ina tundu. Aliishikilia vivyo hivyo, kama mtu anayezama anavyoshika makuti.

Jumamosi mvua ilinyesha mpaka alasiri, kisha mawingu yakafunguka. Baada ya sala ya isha, Haroub na Kificho walipanda ngazi mpaka kwenye paa la saruji la skuli ya Sumaiya. Kificho hakualikwa. Alisema anakuja kumsindikiza rafiki yake asije akapotea huko Mshtarii. Darubini ilikuwa tayari, imeelekezwa magharibi. Mshtarii yenyewe iling'aa peke yake, lakini nyota yao ilikuwa mbali nayo, mahali ambapo kwa macho matupu hapakuwa na kitu.

Sumaiya aliweka simu mbili juu ya kiti. Moja ilitoa mlio kila sekunde, ya pili ilirekodi sauti.

"Mjomba, wewe tazama nyota ya katikati tu. Ikizima, sema imezima. Ikirudi, sema imewaka. Usifikiri, sema tu. Nahesabu itakuwa saa mbili na dakika kumi na saba. Tumia jicho unalolitumia kazini."

Haroub aliweka jicho la kulia kwenye darubini. Nyota ilikuwepo, kidoto kidogo cheupe kati ya vidoto vingine vitatu. Nukta nyeusi zilielea mbele yake, akazisubiri zitulie. Saa mbili na dakika kumi. Saa mbili na kumi na tatu. Alijitahidi asipepese. Akawaza pazia jeusi alilotajiwa na daktari. Likishuka sasa, nyota itazima na yeye atasema imezima, na sauti yake itarekodiwa ikisema hivyo, na hatajua kilichopita ni mwezi wa Mshtarii au ni mwisho wa jicho lake. Atasubiri sekunde mbili, tatu, kumi. Ataendelea kusubiri iwake.

"Dakika moja," alisema Sumaiya kwa sauti ya chini.

Kificho aliacha kutafuna karanga.

Nyota ikazima.

Haikufifia. Ilikuwepo, haipo. "Imezima," alisema Haroub. Mlio wa simu ukapiga mara moja, mara ya pili. Nyota ikarudi. "Imewaka." Alitaka kuvuta pumzi, na kabla hajaivuta nyota ikazima tena, kwa muda wa kupepesa kope, kisha ikarudi na kutulia. "Imezima. Imewaka."

Aliendelea kutazama mpaka Sumaiya akamgusa bega.

"Mara mbili, mjomba? Umesema mara mbili?"

"Mara mbili."

Sumaiya alizisimamisha simu, akampigia Hasan wa Chwaka huku akitembea huku na huku juu ya paa. Walimsikia Hasan akipiga kelele upande wa pili. Kamera yake ilikuwa imenasa nyota ikizima mara moja, sekunde mbili na nusu. Uroa kulikuwa na wingu, kamera ya kule haikuona kitu. Sumaiya alirudi uso umemng'aa.

"Mara ya kwanza mmelingana sawasawa, mjomba. Sawasawa kabisa. Na hiyo ya pili, unajua maana yake? Wewe ulikuwa kwenye ukingo mwingine wa kivuli. Huenda kimwezi kina bonde, nyota ikachungulia kwenye bonde kisha ikafichwa na kilima. Au huenda kina kijiwe kinachokifuata. Hakuna mtu aliyewahi kuliona hilo."

"Nilikwambia mimi," alisema Kificho. "Macho haya wayatie kwenye noti."

"Usiku huu huu nawaandikia wanaokusanya vipimo," Sumaiya alisema, akafungua daftari na kuandika saa. Kalamu ikasimama. "Una hakika, mjomba?"

Lilikuwa swali lilelile la Sheikh Kheir. Mwezi mmoja na nusu nyuma alilijibu bila kufikiri, kwa sababu aliona. Sasa pia alikuwa ameona. Mara ya kwanza ilikuwa kweli, kamera imesema. Ya pili hakuna wa kuisema ila yeye. Angeweza kunyamaza. Jumatatu angekwenda Dar kwa kisingizio cha betri, jicho likazibwa, na kimwezi kikabaki na bonde lake mbali huko ambako hakuna atakayekwenda kulipima. Nani angedhurika? Lakini aliogopa kwamba akisema ndiyo mara hii, hatajua tena maisha yake yote ni kipi alichokiona na ni kipi alichokisema tu.

"Sina hakika," alisema. "Jicho langu linaumwa, Sumaiya. Limepasuka ndani. Jana daktari kaniambia. Linaona mwanga usiokuwepo, na mimi sijui kama halioni giza lisilokuwepo."

Sumaiya alifunga daftari juu ya kidole chake. "Jana? Na leo umekuja ukapanda ngazi zote hizi?"

"Nilitaka kujua kama bado nnaona kweli."

Kificho alikuwa ameshika ganda la karanga hewani.

"Hebu ngoja, yakhe," alisema hatimaye. "Mwanga usiokuwepo wa namna gani?"

"Mwembamba. Umepinda."

Kificho aliliacha ganda likaanguka. Utani wote ulimtoka usoni, akawa mzee ghafla. "Haroub, usinitie motoni. Mie nilifuata kidole chako. Nikauona. Nadhani niliuona. Ulikuwa umeshasema uko pale, na watu wanatutazama, na mie nikaona kama kuna weupe." Alikaa sakafuni. "Watu wamekula siku ya Ramadhani kwa weupe wangu."

"Siku ile mlisimama Maisara, sivyo?" aliuliza Sumaiya. "Jua lilizama saa ngapi? Hilo naweza kulihesabu."

Alifungua kompyuta yake pale pale, wao wawili wakimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya maabara. Ilichukua dakika chache.

"Mwezi ulikuwepo," alisema. "Ulikuwa juu ya bahari dakika ishirini na sita baada ya jua kuzama. Mwembamba sana. Mtu mwenye macho mazuri, anga likiwa safi, angeweza kuuona kwa shida. Kwa mawingu anayosema mzee Kificho, sijui."

"Kwa hivyo tuliuona," alisema Kificho.

"Ulikuwepo. Kuonekana ni jambo jingine. Mjomba, ulipouona ulikuwa upande gani wa mahali jua lilipozamia?"

Haroub alifumba macho, akajaribu kukumbuka. Alikumbuka ukucha wa mwanga. Alikumbuka furaha ya moyo. Upande hakuukumbuka, na kadiri alivyoutafuta ndivyo ukucha ulivyohama, mara kulia, mara kushoto.

"Sijui," alisema.

Sumaiya aliandika ripoti yake usiku uleule na hakufuta kitu. Aliandika kuzima kwa mara ya kwanza na muda wake. Aliandika kuzima kwa mara ya pili na muda wake, akaongeza kwamba mtazamaji ana maradhi ya jicho alilotumia na mwenyewe ndiye aliyeeleza. Baadaye wakusanyaji wa vipimo walimjibu kwa heshima. Kipimo cha kwanza walikipokea. Cha pili walikitia alama ya kuuliza, mpaka kimwezi kitakapopita mbele ya nyota nyingine, huko mbele, mbele ya macho ya watu wengine.

Jumapili, baada ya sala ya alasiri, Haroub alimwomba Sheikh Kheir ruhusa ya kusema, akasimama. Kificho alisimama ubavuni pake bila kuambiwa. Aliwaeleza maradhi, akawaeleza yale ya daktari na yale ya Sumaiya. "Siwaambii kwamba sikuuona," alimaliza. "Nawaambia kwamba sijui. Na shahidi asiyejua, watu wake wana haki ya kuambiwa."

"Mie nilifuata kidole chake," alisema Kificho, kwa sauti ambayo safu ya pili haikuisikia, ikabidi arudie.

Kijana mmoja anayeuza simu sokoni alisema, "Na siku zote hizo ulikuwa wapi?" Mwingine akamnyamazisha, wa tatu akamtetea. Mzee wa safu ya mbele aligeuka taratibu akatazama saa ya ukutani. "Ijumaa hii pia uliirekebisha wewe?" aliuliza. Hakuwa na ubaya, aliuliza tu. Watu kumi au kumi na mbili walitoa simu zao mifukoni, wakainua vichwa ukutani, wakaviinamisha kwenye simu. Haroub alisimama katikati yao. Hakuna aliyemwambia kwamba saa ilikuwa sawa. Alijua kwa jinsi walivyozirudisha simu mifukoni.

Sheikh Kheir alisema hukumu imeshapita, ilipita kwa mashahidi wawili wasiojua kosa lolote, na anayetaka kulipa funga ya siku moja kwa hadhari alipe. Wengine walisema watalipa. Wengine waliondoka bila kumpa mkono, na mmoja wao alikuwa mtu aliyempa mkono kila siku kwa miaka ishirini.

Bi Shemsa alikuwa ameshayasikia yote kabla hajafika nyumbani. Haroub alimkuta amekwishafunga mkoba mdogo.

"Boti ya saa moja asubuhi," alisema. "Nakwenda na wewe. Kwa mashahidi wako wa siku hizi, bora niwepo mwenyewe."

Hospitalini Dar walisubiri mpaka adhuhuri. Kabla ya kuziba mpasuko, alisema muuguzi, ni lazima wajue ni sehemu gani ya jicho imeshakufa. Alimfunika Haroub jicho la kushoto, akamkalisha mbele ya ubao mweusi, akamtaka atazame katikati na aseme kila anapoiona taa ndogo aliyoishika. Alianza chini. "Naiona," alisema Haroub. Akaja kulia. "Naiona." Akapanda juu.

Pale juu palikuwa na kipande kisichokuwa na kitu. Hata weusi haukuwepo. Haroub hakuwa amekijua mpaka sasa. Alisikia mkono wa vazi la muuguzi ukisugua ubao. Alijua taa iko wapi. Angeweza kusema naiona, na angekuwa amelenga.

"Hapa?"

"Siioni."

Muuguzi akatia alama kwenye karatasi. Mkono ukasogea. "Na hapa?"

"Siioni."

Bi Shemsa, nyuma yake, aliacha kuvuta tasbihi. Alama nyingine. Mkono ukasogea tena, kidogo sana.

"Na hapa?"

Haroub alingoja. Kulikuwa na kitu, au kulikuwa na hamu ya kitu. Muuguzi hakumharakisha. Aliendelea kungoja, vidole vimeshika kingo za kiti, mpaka nukta ya mwanga ilipojitenga na hofu yake, ikasimama peke yake.

"Hapo naiona," alisema.